Tangazo la Tatu

Jumapili, 8 Juni 2025

Jana Iddi. Godlisten alikuja nyumbani kula pilau. Amekuja! Miaka miwili namwambia njoo umwone baba, miaka miwili ana mitihani ya kusahihisha, ana semina, ana mafua. Jana kaja na shati jipya na kreti ya soda begani, akamwamkia baba shikamoo, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama alimjazia sahani mara mbili. Baba akamwuliza habari za shule, naye akajibu vizuri – fizikia, maabara haina umeme, watoto wengine wanatembea kutoka karibu na Dirma. Mimi nilikaa upande wa jikoni najifanya nakata kachumbari. Nyanya nilizikata mpaka zikawa uji.

Hakusema. Alikula, akashukuru, akanawa, akaaga. Nikamsindikiza mpaka getini. Akaniambia mzee ana wageni, leo sikukuu, si vizuri kumletea jambo zito juu ya pilau. Mwezi wa nane atakuja na wazee wawili, mambo yaende kwa utaratibu wake. Na lile la dini analisoma, taratibu. Nikasema sawa Godi. Ningesema nini?

Jioni baba akasema: yule mwalimu ana adabu. Basi, hakuongeza neno. Kwa baba yangu hiyo ni hotuba ndefu.

Mimi Sada, miaka thelathini na nne, niliyeachika mara moja, muuza misumari na bati hapa Katesh, leo nimefungua duka naimba. Mteja kaniuliza nimeokota nini.


Jumamosi, 14 Juni

Klabuni tangu asubuhi. Upepo wa mlimani unakata masikio. Mzee Margwe amepaka rangi upya kibao cha njiani: KARIBU ANAYEJUA NA ASIYEJUA. Herufi za mwisho zimebanana kwa sababu ubao ulimwishia. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Watu wa mjini wakisikia Hanang kuna gofu wanacheka. Wacheke tu. Mashimo tisa pembeni mwa shamba la ngano la zamani, nyasi zinakatwa na mbuzi, na kuzunguka kila shimo hatuna majani laini kama ya kwenye televisheni. Tuna mchanga uliokorogwa na oili chafu ya trekta, umelainishwa kwa reki. Tunauita braun. Ukishamaliza kucheza unapiga reki nyayo zako, anayekuja nyuma akute pasafi. Mzee Margwe alikuwa dereva wa trekta enzi hizo, akajifunza mchezo kwa wataalamu wa kigeni waliokuwa shambani. Wao wakaenda zao, fimbo zikabaki, naye akabaki na fimbo.

Sheria yake ni moja: mgeni hakataliwi. Aje mfugaji, aje daktari ambaye hajawahi kurusha hata jiwe, anakabidhiwa kwa anayejua, na anayejua haruhusiwi kusema hapana. Mimi ndiye nakabidhiwa wanawake wote. Godi naye nilikabidhiwa hivyo hivyo, miaka miwili iliyopita. Alishika fimbo kama anaua nyoka. Nikamshika vidole kimoja kimoja, hiki hapa, hiki juu ya hiki. Ndivyo ilivyoanza, sina cha kuficha kwenye daftari langu mwenyewe.

Leo wamepiga kura ya mashindano ya Saba Saba. Mpira mmoja. Yaani wawili mnatumia mpira mmoja, napiga mimi, unapiga wewe, napiga mimi. Popote mwenzio alipouacha, ndipo unapoanzia. Porini, shimoni, kwenye kinyesi cha ng'ombe, hakuna cha kuchagua. Nimetoka na Godi. Wakapiga mluzi wote, na Evaline nesi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, akanifinya kiuno. Mzee Margwe akasema kura ni ya Mungu. Nikaona haya kama msichana.


Jumamosi, 28 Juni

Godi hajaja kwenye mazoezi. Meseji: ana kikao na watu wa kwaya. Kwaya? Godi haimbi. Godi hata wimbo wa taifa anafungua mdomo tu.

Nimepiga mashimo tisa peke yangu, mapigo arobaini na tatu. Vizuri. Nilimwonyesha Evaline kadi yangu, akasema hongera.


Jumatano, 2 Julai

Wiki hii watu wana huruma na mimi. Bura wa bodaboda kaleta mzigo wa mabomba kutoka stendi, kashusha mwenyewe, kapanga mwenyewe, kanikatalia hata soda. Kasema, pole dada. Nikasema asante, ndiyo kazi yenyewe.

Godi anapokea simu lakini ana haraka. Mama yake yuko kwake, kutoka Machame. Nikasema nije nimwamkie? Akasema ngoja kwanza, amechoka na safari. Wiki ya pili hii, bado amechoka na safari.


Jumapili, 6 Julai

Naandika ili mikono ipate kazi.

Evaline kaja dukani saa nane mchana, bado na nguo zake za kanisani, kwamba anataka kitasa. Nikamtolea vitasa vitatu. Akavishikashika, hakuna alichokitazama. Halafu akauliza, kesho utacheza kweli? Nikasema nisicheze kwa nini, ninaumwa? Akasema basi wewe una moyo, mimi ningejifungia ndani. Nikamwuliza moyo wa nini. Evaline akanitazama. Akaweka kitasa chini taratibu.

Godlisten anaoa. Limetangazwa kanisani kwao Jumapili iliyopita, na leo limetangazwa mara ya pili. Godlisten na Yusta, mwalimu wa msingi huko Balangdalalu, kwao Dongobesh, anaimba sauti ya pili. Mama yake Godi alimwona kwenye kwaya wakati wa Pasaka, akampenda. Jumapili ijayo ni tangazo la tatu, la mwisho. Mwenye pingamizi alipeleke kwa mchungaji kabla, baada ya hapo anyamaze. Ndoa Jumamosi inayofuata.

Nikamwuliza Evaline, ulijua tangu Jumapili ile? Akasema nilidhani unajua. Nikasema ningejuaje? Akasema, Sada, si limetangazwa mbele ya watu mia tatu?

Mia tatu. Nawahesabu tu wa klabuni. Evaline. Bura. Mwalimu mkuu na mke wake. Yule dada wa benki. Wote wamekaa pale, wamesikia jina la Godi likisomwa pamoja na la mwanamke ambaye si mimi, wakatoka, wakasalimiana mlangoni, wakaenda kunywa chai. Na kila mmoja akadhani mwingine ataniambia. Au akadhani Godi ameniambia. Au hawakudhani kitu! Jambo likishasomwa kanisani, kwao dunia nzima imesikia. Sisi tunaokwenda upande mwingine siku ya Ijumaa tutasikilia wapi? Bura na pole yake. Ewe Mola wangu, nilimjibu asante.

Evaline alilia. Mimi sikulia. Nikamfungia kitasa kwenye gazeti, nikamwambia nenda.

Simu ya Godi imezimwa.

Sasa ndiyo nalia. Nimefunga duka saa kumi, nimekaa kati ya mifuko ya saruji. Nampenda yule mtu. Nimekaa hapa kwenye vumbi, mwanamke mzima, nampenda mtu ambaye tarehe kumi na tisa anaoa. Nilishamwambia baba kwa macho yangu kwamba huyu ndiye. Baba alishaniona. Nitayaficha wapi macho?


Jumatatu, 7 Julai – Saba Saba

Nilicheza.

Nilijiambia nisiende. Halafu nikasema, nisiende kwa nini, mimi ndiye nimeiba? Nikavaa suruali yangu ya bluu, nikafunga kitambaa cha hudhurungi, nikapaka wanja. Nilipofika benchi lote wakageukia fimbo zao. Shikamoo Mzee Margwe. Marahaba binti yangu, upepo leo mkali, piga mpira wa chini. Yeye hajui kitu, yeye hata kanisa lake ni lingine. Ndiye peke yake pale aliyenitazama kama juzi.

Godi alisimama na begi lake. Macho mekundu. Akasema Sada. Nikasema shimo la kwanza naanza mimi.

Tulipangwa pamoja na Evaline na Bura, ndivyo ilivyotoka. Wanne sisi. Shimo la kwanza nilipiga ukaenda sawasawa, katikati, mpaka kwenye kichuguu. Godi akapiga pigo la pili, ukaingia kwenye miba. Nikautoa. Akaupeleka ng'ambo ya braun. Nikaurudisha. Shimo la pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Mtu yule miaka miwili namfundisha, na kila nilipouacha pazuri yeye ameupeleka pabaya, halafu anasimama, anashika kiuno, anasema samahani. Samahani, Sada. Samahani, Sada. Shimo la nne nilimwambia usiseme tena hilo neno.

La tano alianza yeye kwa sababu tulichanganya zamu, akaupiga moja kwa moja kwenye alizeti ya jirani. Sheria ya klabu ni dakika tano za kutafuta. Evaline na Bura wakabaki nje ya shamba, wakatupa mgongo. Tukaingia wawili.

Alizeti imekauka, imeinamisha vichwa, inasubiri kukatwa. Nilikuwa mbele. Akaanza kusema nyuma yangu. Kwamba hakupanga. Kwamba mama yake alisema bora Mlutheri wa Mbulu kuliko Mwislamu wa popote, akalala kitandani siku tatu bila kula. Kwamba alikubali ili mama ale. Kwamba alidhani atapata njia ya kutoka kabla ya tangazo la kwanza, halafu kabla ya la pili. Kwamba hamjui vizuri huyo Yusta, ni binti mzuri, hana kosa. Kwamba ananipenda mimi.

Nilisimama. Ni kweli nilisimama. Moyo wangu mjinga ulisikia lile la mwisho tu.

Nikasema basi mwambie mchungaji. Kesho. Nenda useme hutaki.

Akasema siwezi, mama atakufa. Lakini wewe unaweza.

Mimi?

Barua moja tu, akasema. Umwandikie mchungaji, useme kwamba mimi na wewe tulikuwa na ahadi. Akipata barua ya pingamizi kabla ya tangazo la tatu, lazima asimamishe. Ikishasimama, watu watasema, mama atakasirika, yule binti atapata mwingine. Na mimi sitakuwa nimemkataa mama. Itakuwa imetokea tu.

Nikamwambia kwa hiyo nilaumiwe mimi.

Akasema – namwandika alivyosema, nisije nikasahau kesho nikamhurumia – akasema wewe si wa kanisa lile Sada, watakufanya nini?

Mpira niliuona tangu tulipoingia. Ulikuwa chini ya jani, karibu na kiatu changu cha kushoto. Niliukanyaga. Wakati wote anaongea nilikuwa nimeukanyaga, nikausikia unazama kwenye udongo. Evaline akaita kwamba dakika tano zimeisha. Nikasema haupo, tumeupoteza. Ni mara ya kwanza nadanganya katika mchezo ule.

Tulimaliza. Mapigo sabini na moja, wa mwisho. Kwenye braun ya tisa Godi alishika reki, akafuta nyayo zake na zangu. Alifuta vizuri sana, hilo analijua.


Jumanne, 8 Julai

Sijafungua duka. Nimemwambia mama ni tumbo.


Jumatano, 9 Julai

Godi: umeshaandika?

Sijajibu.

Godi: Sada tafadhali. Mwisho Jumamosi.

Godi: Nakupenda.

Anavyoandika nakupenda na nukta mwishoni kama anasahihisha daftari.


Alhamisi, 10 Julai

Nimeandika barua. Mara nne. Ya kwanza ilikuwa na matusi. Ya pili ilikuwa ndefu, nimesimulia mpaka vidole vya siku ile ya kwanza, nikaichana kwa aibu, mchungaji wa watu asome mambo ya vidole? Ya tatu nilimalizia kwa machozi ikalowa. Ya nne ina mistari mitano. Mimi Sada wa Katesh, ninamfahamu ndugu Godlisten kwa miaka miwili, aliniahidi ndoa, ahadi hiyo haijavunjwa. Jina, simu, sahihi.

Haijavunjwa. Nimelitazama hilo neno sana. Kama haijavunjwa, mimi niko katika hali gani?

Nikiipeleka nampata. Hiyo ndiyo habari yenyewe, tusizungushane. Mwezi wa nane atakuja na wazee wawili, baba atakubali, nitakuwa na mume mwenye adabu anayevua viatu mlangoni. Na kila siku ya maisha yetu, likitokea zito, atasimama pembeni, atashika kiuno, ataniachia mimi nitoe mpira kwenye miba. Nalijua hilo. Nalijua na bado nimeiandika barua, nimeikunja vizuri, ipo kwenye droo ya risiti. Mtu akiwa na njaa hachagui sahani, ndivyo nilivyo. Nikimkumbuka alivyocheka siku alipopata shimo kwa pigo moja kwa bahati, akanibeba mbele za watu, basi naifungua tena ile droo.

Evaline kaja. Aliniletea maziwa mgando kwenye kibuyu kutoka kwa mama yake. Akasema, nisamehe. Nikamwambia sijui bado kama nimekusamehe, kaa tu. Akakaa. Akanisaidia kuhesabu misumari ya inchi nne mpaka jioni, na hatukuwa na haja ya kuihesabu.


Ijumaa, 11 Julai

Baba katoka msikitini, kapita dukani, kakaa kwenye kiti chake. Kanywa kahawa. Halafu ghafla: yule mwalimu mbona simwoni tena?

Nikasema ana kazi nyingi, baba.

Akasema akipata nafasi aje. Mambo ya kujadiliana yapo, mimi sina ugumu. Nikimwona mwanangu ana amani, mimi sina ugumu.

Sijawahi kumsikia baba akisema maneno hayo. Alipoachana nami yule bwana wa kwanza, baba alinifuata mwenyewe Singida kwa lori la vitunguu, akanirudisha, hakuniuliza hata swali moja njia nzima. Na leo anasema hana ugumu. Nikaingia nyuma ya bati nikauma kitambaa nisisikike.

Kesho. Kesho naipeleka. Nitapita klabuni asubuhi, wageni wa Jumamosi wapo, siwezi kumwangusha Mzee Margwe. Saa sita nashuka mjini, naiacha ofisini kwa mchungaji. Evaline kanielekeza nyumba.


Jumamosi, 12 Julai

Niko stoo ya klabu, kati ya reki na madumu ya oili. Naandika nimesimama, daftari juu ya ndoo. Saa nne na nusu. Lazima niandike sasa hivi kwa sababu nikitoka hapa sijui nitasema nini.

Nilifika saa tatu. Barua kwenye mfuko wa shati. Mzee Margwe akaniita kutoka kwenye benchi: binti yangu, una mgeni mmoja leo, mwalimu, hajawahi kushika fimbo. Huyo hapo.

Msichana mwembamba, sketi ndefu ya shule, raba nyeupe, sweta la kufumwa. Akainama kidogo akasema shikamoo dada. Nikasema marahaba, karibu, jina nani? Akasema Yusta.

Evaline alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Hakuinua kichwa. Bura akaanza kuwasha pikipiki ambayo haikuwa inakwenda popote. Kila mtu alipata kazi ghafla. Mzee Margwe peke yake akawa anatabasamu, anamchagulia fimbo fupi, hii nyepesi mama, hii itakufaa, huyu dada yako ndiye mwalimu wetu bora, usiogope.

Ningesema nini? Mgeni hakataliwi. Nimewafundisha wanaume walionitongoza na wanawake walionisengenya. Nikasema twende.

Nikampeleka kule mwisho, karibu na mgomba wa Mzee. Nikaweka ndoo ya mipira. Nikamwambia nipe mikono. Ilikuwa ya baridi, ina chaki kwenye kucha. Hiki hapa, hiki juu ya hiki. Ile ile niliyomfundisha yeye. Kidole cha pete kikagoma, pete ya uchumba ikabana kwenye mpini. Nikamwambia ukishika hivyo itakuumiza, vua. Akaivua akanipa. Nishikie dada, akasema, nisije nikaipoteza kwenye majani. Nikaitia kwenye mfuko wa shati. Mfuko ule ule, na barua.

Mpira wa kwanza alipiga hewa. Wa pili akapiga udongo. Wa tatu, Mungu wangu, wa tatu uliondoka. Juu, ukanyooka, ukavuka mtaro. Wengine wanakaa miezi miwili bila kuupata ule. Akacheka, akajiziba mdomo kwa viganja. Nami nikacheka! Nilicheka kabla sijakumbuka yeye ni nani. Nikamwambia umezaliwa nao. Akasema baba yangu alinifundisha kurusha mawe kwa ndege wa mtama tangu mdogo, labda ndiyo hiyo.

Akapiga mingine kama kumi. Sikumsahihisha sana, hakuhitaji. Nilikuwa nyuma yake, nikaitazama shingo yake. Nilijaribu kumchukia. Nilisimama pale nikajaribu kabisa, kama mtu anayesukuma gari lililozima.

Halafu akasimamisha fimbo, akaushika mpini kwa mikono miwili, akasema bila kugeuka: dada Sada, mimi sikuja kujifunza. Nimeuona ni mtamu huu mchezo, nitajifunza. Lakini sikujia huo.

Nikaweka mpira mwingine chini.

Akasema watu wa kwaya walikuwa wanacheka Jumatatu, kwamba bwana harusi ana mpira mmoja na mtu mwingine huko klabuni Nangwa. Nikawauliza mtu gani, wakataja jina lako tu, basi. Nikamwuliza yeye, akasema ni klabu tu, ni mambo ya kura. Dada, mimi nafundisha watoto wa darasa la tatu. Mtoto akidanganya masikio yake yanashuka. Ya kwake yalishuka.

Akageuka. Hakuwa analia. Macho yake makubwa, mekundu pembeni.

Akasema mchungaji ameuliza mara mbili kama kuna mwenye pingamizi. Kesho anauliza mara ya mwisho. Lakini anawauliza waliopo mle ndani. Nikafikiri jana njia nzima kutoka Balangdalalu, yule dada hayumo mle ndani, nani amemwuliza? Nikaona hakuna. Basi nimekuja nikuulize mimi.

Unalo, dada? Mimi nina miaka ishirini na sita, leo nitapona. Nikija kujua mwaka kesho nina mtoto mgongoni, sitapona.

Nilitaka kusema sina. Nilitaka kumwambia mchukue, mchukue na mama yake na siku tatu za kutokula. Nilitaka kusema ninalo, liko hapa mfukoni, mistari mitano, nimelipangusa machozi mara nne. Nilitaka kumwambia kimbia, mtoto wa watu, kimbia na hiyo mikono yako. Na nilitaka – naandika kila kitu – nilitaka asijue neno lolote, arudi kwao Dongobesh, na Godi awe wangu leo jioni. Yote hayo yalikuja kwa pamoja na hakuna lililotangulia.

Yeye akangoja. Hakunisukuma. Ana subira ya mtu aliyezoea kungoja mtoto amalize kusoma sentensi.

Nikamwambia ngoja kwanza, nikalete mipira mingine.

Ndoo ilikuwa imejaa nusu, ipo katikati yetu. Aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akasema sawa dada, nipo hapa.